Utomvu wa Minyaa

Ua wa minyaa wa kwa Ngusa ulikuwa umepita bati. Ukisimama kando ya lami pale Tinde, malori ya Rwanda yanapopunguza mwendo, nyumba yenyewe hukuiona. Uliona minyaa tu, imevimba pande zote, upande mmoja imelalia njia ya waenda kwa miguu na upande wa pili imeangukia kamba ya nguo ya jirani. Ilikuwa miaka miwili haijaguswa. Na minyaa isiyoguswa miaka miwili, kwa Wasukuma, inamchongea mwenye nyumba kuliko jirani mwenye mdomo. Inasema humo ndani hakuna mwanaume.

Paskalia alikuwa na mwanaume, tena wa ndoa ya kanisani. Ila mwanaume huyo alikuwa Nyarugusu kwenye machimbo, na alikuja nyumbani mara chache kama mvua ya Shinyanga. Kwa hiyo mtendaji wa kijiji, kijana mmoja aitwaye Donatus, alipokuja na barua yake yenye muhuri, alimkuta Paskalia peke yake akipepeta mchele mbele ya nyumba.

"Mama Agnetha, pikipiki mbili zimegongana hapo kwenye kona yako," alisema. "Hawaonani kwa sababu ya minyaa. Una siku kumi na nne. Ikatwe ibaki kimo cha kifua. Usipokata ni faini, elfu hamsini."

"Mtendaji, mume wangu hayupo."

"Najua hayupo. Minyaa yenyewe inasema."

Donatus hakuwa na ubaya. Alitania tu kama vijana wanavyotania. Lakini madereva wa bodaboda waliokuwa wamekaa pale nje walicheka, na mmoja akauliza kama nafasi ipo. Paskalia aliinamia ungo wake akaendelea kupepeta. Kicheko kile kilimkaa kifuani siku nzima, na jioni alipompigia simu mumewe kilikuwa bado kipo.

"Mpe kijana yeyote elfu kumi na tano, akate," Ngusa alisema.

"Sitaki kijana. Nataka waone ni wewe umeshika panga."

"Mama Agnetha, huku tunakaribia mwamba. Nikiondoka sasa hivi bosi Chacha atanielewaje?"

"Siku mbili tu. Au na mimi niseme kama wanavyosema, kwamba sina mume?"

Ngusa alicheka, halafu akasema atakuja Ijumaa. Hivyo ndivyo alivyoitwa nyumbani. Paskalia baadaye alilikumbuka kila neno la simu ile, na hakupata hata moja la kumlaumu mtu mwingine.

*

Huko Nyarugusu Ngusa hakuwa mchimbaji wa kubeba mifuko. Alianza hivyo, lakini Chacha, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, alimtoa chini baada ya kugundua jambo moja. Ngusa alikuwa na macho. Jiwe likitolewa chini, watu kumi wanalitazama hawaoni kitu. Yeye analilowesha kwa ulimi, analigeuza juani, anasema peleka kwenye karasha likasagwe au tupa. Hakukosea mara nyingi. Kwa kazi hiyo alipewa mgao wake kila mawe yalipotoka, na kwa mgao huo Agnetha, binti yao wa miaka tisa, alikuwa na viatu vya shule na nyumba ilikuwa na bati badala ya nyasi.

Jumamosi asubuhi alianza kazi na upande wa barabarani, kama mkewe alivyotaka. Alivaa shati kuukuu na kofia, akapanda juu ya stuli na panga lake. Alijua kukata minyaa. Mnyaa unakatwa upepo ukiwa mgongoni, na panga likishuka unafumba macho na kugeuza uso. Agnetha aliyaburuta matawi kwa kijiti chenye panda ili asiguse utomvu. Paskalia alitoka na chai, akasimama pale pale nje ingawa kazi ilikuwa ndani. Watu walipita wakisalimia.

"Mwangaluka, Baba Agnetha! Umerudi?"

"Mwangaluka. Nimerudi."

"Karibu nyumbani. Tulishasahau rangi ya nyumba yako."

Paskalia alicheka nao. Kila tawi lililoanguka lilimwondolea kitu. Hata wale bodaboda walimwamkia shikamoo bila kuulizwa, naye akaitikia marahaba kwa sauti ndefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Ilipofika saa nne nusu ya upande ule ilikuwa imeshuka, na ukuta wa nyumba ukaonekana kutoka barabarani.

Simu ililia mfukoni mwa shati. Ngusa aliiweka sauti kubwa, akaendelea kukata.

"Ngusa!" Ilikuwa sauti ya Chacha. "Tumeukata! Mwamba mweupe, una njano ndani yake, naiona mimi mwenyewe, mimi nisiyeona kitu!"

"Acha utani, bosi."

"Utani gani! Jumatatu uwe hapa. Hawa wenzako wanakisia tu, watanitupia mali jalalani. Mgao wako wa safari hii utajenga nyumba nyingine."

Ngusa alicheka. Alicheka huku ameinua kichwa juu, mdomo wazi, macho wazi, na mkono ambao ulikuwa umeshaanza kushuka haukungoja. Panga lilikata tawi nene lililokuwa juu ya uso wake. Utomvu wa mnyaa ni mweupe, na tawi nene lina mwingi. Ulimmwagikia machoni, yote mawili.

Hakulia mara moja. Alisema tu, "Aa." Kisha alianguka kutoka kwenye stuli, akasimama, akaanza kupiga kelele ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake. Alikimbia kuzunguka nyumba huku ameufunika uso. Alijua pipa la maji lilipo, kando ya jiko, maana alilijaza mwenyewe jana yake jioni kwa ndoo za kutoka kioski cha maji. Aligonga ukuta, akalipapasa pipa, akaitumbukiza mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko.

Paskalia alimdaka mikono.

"Usiguse maji! Baba Agnetha, usiguse maji!"

"Niache nioshe!"

"Maji yanauchemsha! Utapofuka! Mjomba Masalu aliosha na maji akapofuka, unajua mwenyewe!"

"Naungua, mama, naungua gete!"

"Ni maziwa. Ni maziwa ya mama anayenyonyesha, ndiyo dawa. Vumilia. Nakuletea."

Agnetha alikuwa amekuja na beseni la maji. Hakuna aliyemtuma, aliona baba yake anataka maji akateka. Paskalia alilipiga teke beseni, maji yakamwagika yote chini. Kwao Paskalia jambo hili halikuwa na ubishi. Bibi yake alilisema, mama yake alilisema, na mjomba Masalu alikuwepo akiongozwa kwa fimbo kama ushahidi. Ni kweli mjomba aliosha kwa maji na ni kweli alipofuka. Katika ukoo mzima hakupatikana mtu wa kuuliza kama aliosha siku ile ile au kesho yake.

Ngusa alikuwa na nguvu za kumsukuma mkewe akaanguka huko. Hakumsukuma. Alimwamini. Alitoa mikono majini, akachuchumaa kando ya pipa akiuma meno, akangoja.

*

Mama anayenyonyesha alikuwa mmoja tu karibu, na alikuwa Zuhura.

Wiki moja kabla, Zuhura na Paskalia walikuwa wametoleana maneno mbele ya mtaa mzima. Tawi la minyaa lilivunjika likadondosha utomvu kwenye kanzu ya Ijumaa ya Abdulshakur, mume wa Zuhura, na utomvu ule ukikauka huacha doa jeusi lisilotoka. Zuhura alikuja kuonyesha kanzu. Paskalia alimjibu kwamba yeye ni mtu wa kuja, amekuja kutoka Tabora juzi akaikuta minyaa, na kama kanzu inamuuma aanike chumbani. Zuhura naye akasema mwanamke mwenye mume hufyekewa. Toka siku hiyo walipishana kioskini bila salamu, na Paskalia aliamini kabisa kwamba barua ya mtendaji ilitoka kwenye mdomo wa Zuhura.

Sasa alisimama mlangoni kwa Zuhura akihema. Zuhura alikuwa amekaa kwenye mkeka, anamnyonyesha Kudra, mtoto wa miezi mitano.

"Mama Kudra, nisaidie. Baba Agnetha ameingiwa na utomvu."

"Nimesikia kelele." Zuhura hakuinuka. "Mmemwosha?"

"Nataka maziwa yako. Kidogo tu."

"Nauliza mmemwosha na maji?"

"Minyaa haioshwi na maji. Wewe huijui minyaa."

"Kitu kikikuingia machoni unaosha, Mama Agnetha. Hata kiwe pilipili. Maji yako pale, pipa zima."

"Nimekwambia huijui!" Paskalia alisikia sauti yake imepanda, akaishusha. "Tafadhali."

Zuhura alimtazama. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Tinde alikuwa na kitu ambacho mwenye mji alikihitaji. Ni binadamu, utamu wa jambo lile ulimpitia, akauonja.

"Wiki iliyopita uliniita nani?" aliuliza.

Paskalia alipiga magoti. Wanawake wa Kisukuma hupiga magoti kwa wakwe na kwa wazee, hawapigi kwa msichana wa Tabora aliyekalia mkeka. Alipiga magoti kwenye vumbi la mlangoni na kelele za mumewe zikisikika nyuma ya ua, akasema, "Nilikuita mtu wa kuja. Nimekosa. Nisamehe, dada."

Hapo Zuhura aliona aibu. Alimweka mtoto chini haraka, akaingia ndani akatoka na kikombe kidogo cha kunywea kahawa, akageukia ukutani na kujifunika khanga. Hakuweza kwenda kuinamia uso wa mume wa mtu, na Abdulshakur hakuwepo wa kumwomba ruhusa. Alikamua kikombeni. Kwa sababu ya haraka na hofu maziwa yaligoma, yakaja tone tone. Kudra alilia mkekani. Paskalia alibaki amepiga magoti kwa sababu hakukumbuka kusimama.

Toka panga lilipokata tawi mpaka tone la kwanza la maziwa linaingia kwenye jicho la Ngusa ilipita karibu nusu saa.

*

Maziwa yalimpoza kidogo, au alisema yamempoza. Alilala chumbani na kitambaa usoni. Zuhura alileta kikombe asubuhi na jioni, na ugomvi wao ukaisha hivyo hivyo bila kikao. Majirani walikuja kumpa pole, wakakaa kwenye viti vya plastiki, na kila aliyekuja Ngusa alimsimulia.

"Mimi nilishapoteza akili. Nilishatumbukiza mikono kwenye maji. Mama Agnetha ndiye alinivuta. Bila yeye sasa hivi ningekuwa kipofu kabisa."

"Wabeja, asante, Mama Agnetha," wageni walisema. "Umemwokoa mwenzio."

Zuhura alikuwepo siku moja akisikia maneno hayo. Alikitazama kikombe chake mkononi, akaaga.

Jumatatu ilipita. Jumanne kope zilivimba zikagandana, na usaha ukaanza kutoka. Paskalia alinunua dawa ya matone kwenye duka la dawa, ile ya chupa ndogo ambayo kila mtu huinunua kwa kila jicho. Chacha alipiga simu mara tatu. Ngusa alimwambia Jumatano, kisha akamwambia wiki ijayo.

"Inaniwasha tu," alimwambia mkewe. "Kidonda kikiwasha ujue kinapona."

Alhamisi asubuhi aliuliza mbona leo hakukuchi. Jua lilikuwa limeingia dirishani linampiga usoni. Paskalia alisimama mbele ya kitanda na bakuli la uji, akapunga mkono mbele ya macho ya mumewe, akapunga tena karibu zaidi. Kisha akaweka bakuli chini akaenda kuuza mbuzi wawili waliobaki ili wapate nauli ya Shinyanga na pesa ya hospitali. Mnunuzi alijua anakimbilia nini na alimpa bei ya mtu anayekimbia.

*

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Alimpima Ngusa kwa mashine kwa muda mrefu, kisha nesi akampeleka chumba cha pili kumsafisha na kumfunga. Mlango ulifungwa. Paskalia alibaki amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Mama, sitakuficha," daktari alisema. "Jicho la kushoto limetoboka, hilo limekwisha. La kulia kioo chake kimeliwa na kidonda. Kidonda tutakitibu, lakini kovu litabaki. Ataona mwanga. Atajua mchana na usiku. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

"Kazi yake ni ya macho," Paskalia alisema. Ndilo jambo lililomjia.

"Pole sana. Utomvu uliingia lini?"

"Jumamosi."

"Mlimwosha na nini?"

"Maziwa."

"Ya ng'ombe?"

"Ya mama."

Daktari aliandika. Hakugomba; labda alishagomba na wengi akachoka. "Utomvu wa minyaa tunaupata sana huku. Wanaowahi wengi wanapona kabisa. Ni maji tu, mama. Maji mengi, safi, saa ile ile, unammwagia bila kuacha nusu saa nzima, halafu unamleta. Haya maziwa yanachelewesha na yanaleta uchafu." Aliinua kichwa. "Au maji hayakuwepo? Najua vijijini huko kiangazi ni shida."

Paskalia aliliona pipa. Aliona mikono ya mumewe ndani yake, maji yamefika viwikoni. Aliona beseni la Agnetha.

"Hayakuwepo," alisema.

"Basi usijilaumu."

Na daktari akaandika hilo pia kwenye faili.

Ngusa alitolewa akiwa amefungwa macho yote kwa bandeji nyeupe. Alinyoosha mkono hewani. Paskalia alienda akampa bega lake, na mumewe akalishika akalibana kidogo, kama mtu aliyefika kwake.

"Amesemaje?"

"Amesema tungoje."

Ilikuwa kweli na haikuwa kweli. Walipofika stendi alikuwa bado hajasema lingine.

*

Bandeji ziliondolewa baada ya mwezi na Ngusa aliona mwanga, kama daktari alivyosema. Alikaa mlangoni kutwa nzima. Alijifunza hatua za kwenda chooni, kumi na tisa, na za kwenda jikoni, kumi na moja, ila nje ya hapo alitembea kwa bega la mkewe. Paskalia alipokwenda kulima vibarua alimwachia maji kwenye jagi na redio. Hasira hakuwa nazo. Hilo ndilo lililomtesa Paskalia. Angemtukana, angevunja sahani, angesema wewe ndiye uliyeniita kutoka Nyarugusu kwa ajili ya minyaa yako. Hakusema. Alimshukuru.

Chacha alipiga simu mara ya mwisho siku ya soko.

"Pole, kaka. Tunakuombea. Mungu yupo."

"Mawe yanaendaje?"

"Yanaenda. Nimempata kijana mmoja kutoka Katoro, anajitahidi." Chacha alikohoa. "Sikiliza, Ngusa. Ile tochi ya kichwani uliyoondoka nayo. Ni ya duara, unajua. Kuna dereva anapita hapo kesho. Mpe tu aniletee."

"Sawa, bosi. Nitampa."

Aliitafuta mwenyewe kwenye begi kwa kupapasa. Kabla ya kumpa Agnetha apeleke barabarani aliiwasha, akajielekezea usoni kwa muda, akaizima.

*

Siku mbili baada ya hapo Donatus alirudi na barua nyingine. Safari hii hakutania. Alisimama huku amevua kofia, akatazama pembeni.

"Mama Agnetha, najua yaliyowapata. Lakini pikipiki nyingine imeanguka jana, na wananchi wanasema nabagua. Nusu imekatwa nusu haijakatwa, ndiyo mbaya zaidi. Naomba mmalizie. Nimeongeza siku tatu."

Ilikuwa kweli. Nusu aliyoikata Ngusa ilikuwa imeshaanza kuchipua, na nusu ya pili ilizidi kuinamia njia. Kijana wa kukata sasa alitaka elfu ishirini, na elfu ishirini haikuwepo. Wale bodaboda walitazama simu zao.

Jumamosi asubuhi Paskalia alivaa shati kuukuu la mumewe, akachukua panga, akapanda juu ya stuli. Agnetha alisimama chini na kijiti chake chenye panda. Ngusa aliomba apelekewe kiti pale nje. Alikaa akielekeza uso kwenye sauti ya panga, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi alionekana ana kazi.

"Upepo uko wapi?"

"Uko mgongoni," Paskalia alisema.

"Piga kwa kushusha, usipige kwa kupandisha. Fumba macho. Umefumba?"

"Nimefumba."

Alikata matawi sita, saba. Utomvu ulichirizika kwenye panga, akaufuta kwa majani. Alikata bila kumwangalia mtu.

"Agnetha," Ngusa aliita. "Njoo hapa mwanangu. Kaa mbali na mama yako anapokata."

"Niko mbali, baba."

"Nakufundisha kitu, ukishike. Hii minyaa ni ya kwetu, utaikata wewe, watakata watoto wako. Ukiingiwa na utomvu machoni, hata uungue vipi, usiguse maji. Umesikia? Mimi nilishaingiza mikono mpaka hapa, mama yako akanishika. Ndiyo maana leo angalau naona jua. Wewe kimbia kwa Mama Kudra, umwambie maziwa. Sema nisikie."

"Nisiguse maji," Agnetha alisema. "Nikimbie kwa Mama Kudra."

"Vizuri. Tena rudia."

"Nisiguse maji—"

"Agnetha!"

Paskalia alikuwa ameshuka kwenye stuli. Panga lilikuwa chini. Alimshika mtoto mabega yote mawili, akamtikisa bila kutaka.

"Maji," alisema. "Unasikia? Ukiingiwa, ni maji. Kimbilia pipa. Ujimwagie, ujimwagie, usiache, usimngoje mtu, usimsikilize mtu. Hata mimi. Hata mimi nikikushika unisukume. Sema maji."

Mtoto alimtazama mama, akamtazama baba, machozi yakaanza kumtoka.

"Mama Agnetha, unampotosha mtoto," Ngusa alisema. Alikuwa bado anatabasamu kidogo. "Nani amekwambia maneno hayo?"

Angeweza kusema Zuhura. Angeweza kusema nimesikia redioni. Njia zote hizo alikuwa ameshazipanga kichwani kila usiku. Zilimwisha.

"Daktari."

"Daktari yupi?"

"Wa Shinyanga."

"Lini?"

"Siku ile ya kwanza. Ulipokuwa unafungwa bandeji."

Lori lilipita barabarani, likachukua muda kumalizika. Tabasamu la Ngusa lilikuwa bado limebaki mdomoni kwa sababu hakujua lilipo. Kisha likaondoka.

"Alisema ningepona?"

"Alisema wanaowahi maji, wengi wanapona."

"Pipa lilikuwa limejaa."

"Lilikuwa limejaa."

"Nililijaza mimi."

"Ulilijaza wewe, Baba Agnetha. Sikujua. Haki ya Mungu sikujua, nilidhani nakuokoa, mjomba Masalu—"

Ngusa aliinua kiganja kumkatiza. Halafu alikishika kiti kwa mikono yote miwili akasimama. Kutoka pale nje mpaka mlangoni hakukuwa na hatua alizozihesabu. Pale alifika kwa bega la mkewe, na bila bega asingejua pa kukanyaga. Matawi ya minyaa yalikuwa yametapakaa mbele yake, yote yakivuja.

"Agnetha," alisema. "Njoo unipeleke ndani."

Mtoto alikuwa analia amejishika uso, hakusogea. Paskalia akaenda. Alikwenda taratibu bila kutoa sauti, akasimama mahali anaposimama kila siku, akaliinamisha bega kidogo, na mkono wa Ngusa ukashuka ukalikuta. Vidole vililigusa shati, vikaligusa bega lenyewe. Alilijua. Wiki nyingi alikuwa hajui kingine.

Akaondoa mkono wake.

"Agnetha," akaita tena.